Mguu Wangu wa Kushoto Nao Umestaafu

Marahaba, wanangu. Najua hamjanisalimia bado, ila naitikia mapema ili tusipotezeane muda, maana habari ya leo ni ya gari, na gari likishawashwa halipendi kusubirishwa.

Mimi nimeendesha lori tangu nikiwa kijana mwembamba mpaka nikawa huyu mzee mwenye kitambi mnayemwita Meku. Shule yangu ni darasa la saba. Yaliyobaki nimeyasomea barabarani, kati ya Kirua Vunjo huku juu na mashamba ya mpunga kule chini, Mabogini na Chekereni. Kushuka nilibeba ndizi, na msimu ukifika, kahawa. Kupanda nilibeba mchele, pumba za ng'ombe, saruji, mabati, na mara moja jeneza ambalo mzee aliyelinunua alikuwa amekaa pembeni yangu, mzima kabisa, akinisimulia jinsi alivyolichagua na jinsi wanawe wangelikosea kama angewaachia wao.

Miaka yote hiyo gari langu lilikuwa la gia. Otomatiki nimeijulia uzeeni, nikiwa nimeshakabidhi funguo za lori na kuagwa kwa soda na pilau. Mnafikiri ni kazi rahisi. Kwenu ni rahisi kweli, kwa sababu hamna cha kusahau. Mimi nilikuwa na vya kusahau vingi, na vyote vilikuwa vimekaa kwenye mguu mmoja.

Mtu aliyeviweka humo ni Mzee Elinami, Mungu amrehemu. Ndiye aliyenifundisha lori. Siku ya kwanza alinivua viatu. Alisema kiatu hakisikii, unyayo ndio unaosikia, na mimi nisipolisikia gari, basi litakuja kunisikia mimi. Kwa hiyo nilijifunza peku, mvua na jua, mpaka nikawa nikikanyaga klachi najua chuma kule ndani kinafanya nini kama mama anavyojua mtoto anayelia ana njaa au ana usingizi.

Kazi kubwa huku kwetu ni balansi. Gari limesimama mlimani, pua inatazama mawingu, nyuma yako kuna magunia na nyuma ya magunia kuna bonde. Unaachia klachi pole pole mpaka unalisikia gari linataka kunyanyuka kama kuku anayetaka kuruka ukuta. Hapo hapo, si kabla wala baadaye, unaachia handibreki. Ukiwahi, linazima. Ukichelewa, linarudi.

Mzee Elinami hakuwa na maneno mengi ya kueleza hilo. Alikuwa na kofia ya pama ambayo aliipenda sana. Alishuka, akaiweka kofia yake nyuma ya tairi la nyuma, akarudi akakaa. "Ondoka," akasema. Nikauliza, na kofia je. Akasema kofia haina shida yoyote, labda niipe mimi.

Nikaipa. Jumapili ile akaivaa kofia yenye alama ya tairi njia nzima mpaka kanisani, na ndani akaiweka magotini, alama ikiangalia juu, kwenye benchi la mbele. Kila aliyemuuliza alijibiwa kwa upole kwamba kuna kijana wake mmoja anajifunza gari. Mimi nilikaa nyuma ya kwaya nikaimba kwa kuinama. Wiki iliyofuata nilipiga balansi mpaka utingo wa lori jingine akasimama kuniangalia.

Nawaeleza haya ili muelewe huo mguu wa kushoto ulikuwa na heshima gani. Ndio uliokuwa na akili. Wa kulia ulikuwa kibarua tu, kanyaga mafuta, kanyaga breki, basi. Wa kushoto ulifikiri. Kanisani kwaya ikichangamka, mguu wa kulia ulipiga mdundo na wa kushoto ukabonyeza klachi. Mke wangu anasema hata usingizini nilikuwa nabadilisha gia, na nikifika mlima wa kwetu yeye ndiye aliyekuwa akipigwa teke.

Huyu mke wangu ndiye habari yenyewe. Jina la kila siku ni Mama Manka. Ni mwanamke wa kucheka polepole na kukasirika polepole, lakini akishafika huko amefika. Ng'ombe wetu wamekula majani aliyoyabeba kichwani maisha yao yote, na mabonde ya huku mnayajua. Sasa magoti yamegoma. Kushuka mpaka barabarani ni shida, pikipiki hawezi kuipanda, na Jumapili alikuwa ameanza kusalia nyumbani kwa kusikiliza kengele.

Binti yetu Manka anafanya kazi Arusha. Alipoona hali ya mama yake alituletea kigari kidogo cha Kijapani, cheupe, safi, kina harufu ya dukani. Akaniambia, "Baba, hili ni la magoti ya mama. Wewe ni dereva wake." Nilijikaza nisilie mbele ya majirani. Nikazunguka nyuma nikajifanya naangalia tairi la akiba.

Mnajua kilichoniliza? Mimi nilikuwa na ahadi. Sisi watu wa huku tunakaa mlimani lakini mlima wenyewe hatuuoni. Tunaona migomba, tunaona bati la jirani, na asubuhi nzuri tunaona kipande cha Kibo katikati ya majani, kama mtu anayechungulia dirishani. Lakini ukishuka Chekereni alfajiri, kabla mawingu hayajaamka, unauona wote, kuanzia miguu hadi kichwa, Kibo kushoto, Mawenzi kulia, na mpunga chini yake kijani hadi macho yanachoka. Nilikuwa nikisubiri kupakia nasimama hapo nautazama mpaka chai inapoa. Nikamwahidi mke wangu kwamba siku moja nitampeleka aone mahali anapokaa.

Alikuwa akinijibu, "Nakaa jikoni, Baba Manka. Napajua."

Lori halikuwa na nafasi, ng'ombe hakuwa na mtu wa kumkamua, mwaka ukaingia mwaka. Sasa gari hilo hapo uani. Kilichobaki ni dereva.

Manka aliondoka siku hiyo hiyo kwa haraka ya kazi. Alinionyesha tu pa kuweka funguo na kuniambia halina klachi. Nikamwambia aende zake, mimi nimeanza magari yeye hajazaliwa.

Kesho yake nikaingia, nikawasha, likawaka. Nikashika mkono wa gia nivute. Haukutoka. Nikavuta kwa heshima, nikavuta kwa nguvu, nikauongelesha. Nikazima, nikampigia fundi wa pale njia panda kwamba gari jipya limeshakufa gia. Akaja na sanduku lake la vifaa, akakaa, akakanyaga breki, mkono ukatoka kama kisu kwenye siagi. Akaurudisha, akashuka, akafunga sanduku ambalo hakulifungua.

"Kanyaga breki kwanza, mangi," akaniambia. "Halafu mengine yanafuata." Aliondoka akiwa amegeuzia uso upande wa kahawa ili nisimwone anavyocheka, lakini mabega yalimsaliti.

Basi nikajua D ni ya kwenda na R ni ya kurudi, P ni ya kulala. Nikazunguka zunguka hapa mtaani kwa mwendo wa konokono, nikaona nimeiva. Hapo ndipo penye kosa la watu wa magari makubwa. Tukiwa taratibu tunakumbuka kila kitu. Ni mwendo ukichanganya ndipo mguu unaporudi kazini kwake.

Wakati huo Upendo, mke wa mpwa wangu, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Kwetu mzazi haachwi. Wanawake wanapokezana kumpelekea mtori, maziwa, na maneno ya kumtia nguvu, na siku hiyo ilikuwa zamu ya Mama Manka. Akapika mtori wa maana, ndizi zimepondeka vizuri, nyama ya mfupa, samli ya nyumbani. Akauacha upoe kiasi cha kunyweka, akautia kwenye hotipoti, akavaa kitenge kipya, akapanda gari mbele kwa mara ya kwanza. Hotipoti akaipakata. Nilipomfungia mkanda alinitazama kama bibi harusi anayetaka kucheka na ameambiwa asicheke.

Tulikwenda vizuri mpaka kona ya kijito. Kona ile mimi huwa naingia na gia ya pili. Sikufikiri chochote. Mguu wa kushoto ukanyanyuka wenyewe, ukatafuta klachi, ukakuta pedeli pana imekaa pale, ukasema hii hapa, ukaikanyaga mpaka chini kama ulivyozoea. Sasa ile pana ni breki, wanangu. Na klachi ya lori haikanyagwi kwa adabu.

Gari lilisimama kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Kifuniko kikaruka. Mtori ukaenda kwenye kioo, kwenye redio, kwenye kitenge kipya, na tonge moja la ndizi likabaki linaning'inia kwenye kile kioo cha kutazamia nyuma.

Mama Manka akatazama barabarani, akitafuta mtoto au kuku niliyemkwepa.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Sijaona kitu."

"Sasa umesimamia nini?"

Nilirudia kusema pole. Alijifuta kwa upande mkavu wa kitenge, akafungua mkanda mwenyewe, akashuka na hotipoti tupu. Akaniambia gari langu ni zuri sana, na Mungu alibariki, ila yeye hatalipanda tena na mimi. Akaanza kuupanda mlima kurudi nyumbani kwa magoti yale. Nilimfuata nyuma kwa gari taratibu kama polisi wa msafara, nikimwomba kwa dirishani apande. Alinijibu mara moja tu, kwamba nisije nikamgonga na yeye.

Habari ikafika Arusha kabla sijamaliza kuosha viti. Manka akapiga simu. Hakunigombeza, angenigombeza ningeona nafuu. Alisema gari alilileta ili mama atembee, na kama mama hapandi na mimi, atamwomba Godlisten awe anamwendesha. Godlisten ni kijana wa jirani, ana leseni, ana adabu, anasali. Sina neno baya juu yake. Nikamwambia mwanangu ni wazo jema, nikakata simu, nikaenda kukaa na ng'ombe.

Jaribuni kunielewa. Nimeendesha saruji ya watu, mahari ya watu, maharusi wa watu, mpaka jeneza la yule mzee nimelifikisha bila mkwaruzo. Halafu mke wangu mwenyewe aje aendeshwe na Godlisten, apelekwe kanisani na Godlisten, na siku akitaka kuuona mlima aonyeshwe na Godlisten.

Nikampigia Manka tena. Nikasema, mwanangu, kabla hujamwita huyo kijana, njoo unifundishe.

Alikuja Jumamosi. Mimi ndiye niliyemfundisha yeye gari alipomaliza kidato cha nne, kwenye uwanja ule ule wa shule ya msingi, na sasa yeye akakaa upande wa mwalimu na mimi upande wa mwanafunzi. Alijifunga mkanda, akaukagua mara mbili, nikaona.

Akaniambia, "Baba, mguu wa kushoto umestaafu. Uache ukae."

Nikamwambia, "Haujaagwa. Mimi niliagwa kwa pilau, wenyewe umeondolewa kazini kwa simu."

Alicheka mpaka akafuta machozi, lakini mguu haukuwa na mzaha. Kila tukifika kwenye goli la chini, pale ambapo gari linataka kupunguza mwendo, unanyanyuka. Puu, tunasimama. Manka anarushwa mbele, anarudi, anasema, tena. Puu. Tena. Nikavua viatu vyote viwili kama enzi za Mzee Elinami, ikawa mbaya zaidi. Peku mguu ulikumbuka kila kitu.

Hapo ndipo nikapata akili, na hii ni yangu mwenyewe, sijafundishwa na mtu. Nikarudi nyumbani nikachukua buti la mvua, lile zito la kuingilia bandani, nikalivaa kushoto tu. Kulia peku. Nikaurudisha mguu nyuma, kisigino kikagusa kiti. Sasa mguu ukitaka kunyanyuka, unakutana na uzito, na uzito unakupa taarifa. Kabla haujafika mbali, kichwa kinasema, wewe, kaa. Nikawa nausemesha kwa Kichagga, kwa sababu Kiswahili haukukielewa.

Siwaambii na ninyi mvae mabuti. Nyie vaeni viatu vyepesi vyenye soli nyembamba. Lakini kama umetoka kwenye gari la gia, usiuache mguu wa kushoto ukae mbele unasubiri kazi. Uweke nyuma, mbali na pedeli. Mguu ukiona mlango wazi, utaingia. Na breki ya otomatiki ni ya mguu wa kulia peke yake, huo huo wa mafuta, ili usije ukakanyaga vyote viwili kwa mpigo.

Kuna jambo jingine lilinitisha kuliko mguu. Jioni tulishuka kutoka uwanjani kuelekea barabara kuu, mteremko ule mrefu wa mikaratusi. Gari la gia ukiliweka ya pili pale linakushikilia, linashuka likinguruma kama mzee anayeshuka ngazi. Hili lilikuwa linateleza kama sabuni. Nakanyaga breki, nakanyaga tena, mpaka nikasikia ile harufu ya breki zinazoungua. Kila dereva wa huku anaijua harufu ile na anaiogopa.

Manka akasema kwa utulivu nivute mkono mpaka kwenye 2. Nikavuta. Injini ikakohoa, ikashika. Akasema kona ile kali niuweke kwenye L. Nikauweka, gari likanyenyekea, likashuka kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Nikaanza kucheka peke yangu. Kumbe gia zilikuwepo siku zote, zimejificha kwenye herufi. Nilijisikia kama mtu aliyehamia mji wa ugenini akakuta ndugu zake wamepanga nyumba ya pili.

Kwa hiyo mkishuka milima ya huku, msiache kwenye D mkategemea breki. Na msiguse N, ile isiyo na gia. Zamani kulikuwa na madereva wa kuachia fri, anatoa gia juu kabisa na kuliacha lori liserereke lenyewe ili abane dizeli. Mzee Elinami alikuwa hawapi hata mkono. Mmoja wao nilimkuta ndani ya shamba la bibi mmoja, lori limelalia migomba, yeye amekaa chini amekumbatia mgomba kama mama yake. Migomba ndiyo iliyomshika. Bibi alikuwa amesimama na panga, hajui aanze kukata mgomba au dereva.

Manka alirudi Arusha Jumapili. Aliniambia hajamwita Godlisten, lakini hajamfuta pia. Nikabaki na buti langu. Kila siku nikitoka na gari, navaa buti moja, nashuka, napanda, napita kona ya kijito. Baba Eliya, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, alikuwa akinitazama nikiingia.

Akaniuliza siku moja, "Mangi, shambani unalima na mguu mmoja?"

Nikamwambia mwingine uko likizo.

Mama Manka naye alikuwa akinitazama, ila kwa kujificha. Anakata majani ya ng'ombe mahali ambapo hayapo, mradi paone barabara. Sikumwomba apande. Nilishajua mtu wa namna ile hapandishwi kwa maneno. Akiuliza nimetoka wapi, namwambia nimetoka kijitoni. Anasema haya.

Zamu yake ya mtori ikafika tena. Nilimkuta jikoni anafunika hotipoti. Nikadhani atamtuma mtu. Akatoka nayo mpaka kwenye gari, akafungua mlango wa mbele, akaiweka kwenye kiti, akaivutia mkanda akaufunga mwenyewe, kama anamfunga mtoto.

"Ukifika nao wote, tutaongea," akasema.

Wanangu, nimewahi kupitisha lori la vioo kwenye barabara ya mawe. Sikutetemeka kama siku ile na mtori. Nilishuka na L, nikaingia kona ya kijito nikiusemesha mguu kwa sauti, nikapita, nikapanda ng'ambo, nikasimama kwa Upendo kama naegesha kitanda cha mgonjwa. Alipofungua kifuniko, mtori ulikuwa umefika juu kabisa na samli imetulia haijavunjika. Alimpigia mama simu hapo hapo kumshukuru. Nilisikia sauti ya mke wangu kwenye simu ikiuliza, umejaa? Upendo akasema umejaa mama, karibu umwagike kwa kujaa. Halafu mke wangu akauliza hali ya mtoto.

Niliporudi alikuwa anaosha ndoo ya maziwa. Hakugeuka.

"Kesho ng'ombe nitamkamua mapema," akasema. "Huko Chekereni si ni alfajiri?"

Tuliondoka kuna ukungu, jogoo wanapokezana. Alikaa mbele, amejitanda khanga mbili, ameshika kile kishikio cha juu ya mlango kwa mikono yote miwili. Kwenye kona ya kijito nilimwona kwa pembe ya jicho amefumba macho, midomo inacheza. Anasali. Nikapita. Alipofumbua, kona ilikuwa nyuma yetu, akaitazama ikienda.

Tulipofika barabara kuu aliachia mkono mmoja. Mjini Moshi, penye mizunguko ya barabara na pikipiki zinazotoka popote, mguu wangu wa kushoto ulipigwa na kiwewe ndani ya buti mpaka jasho likatoka, lakini ulikaa. Alipoanza kuwasema watu wa mjini na mavazi yao ya asubuhi, nikajua amefika na yeye. Tulipopita Mabogini mikono yote miwili ilikuwa magotini.

Chekereni nilisimamisha gari kando ya mfereji, palepale ninapopajua. P, handibreki, nikazima. Nikamzungukia nikamshusha taratibu, magoti yakanyooka, akasimama akinitazama mimi.

Nikamwambia, "Geuka."

Mlima ulikuwa wote. Mawingu yalikuwa hayajafika. Alisimama pale kwenye umande, khanga imemshuka begani, hakuipandisha. Watu wa mpunga walipita wakatuamkia shikamoo, akasahau kuitikia, nikaitikia za wote wawili.

"Sisi tuko wapi?" akauliza baadaye.

Nikamwonyesha. Shuka kutoka Mawenzi, fuata msitu ule mweusi, unapoishia msitu kuna kijani kingine, hapo penye moshi mdogo. Alifuata kidole changu muda mrefu.

"Pale?"

"Pale."

"Pote pale mimi nimepapanda na majani kichwani."

"Pote."

Akanigeukia. "Ina maana ulikuwa unasimama hapa unaniangalia?"

Nikamwambia kila nilipokuwa nasubiri kupakia. Nikitazama pale penye moshi nasema, sasa hivi anakamua, sasa hivi anachochea moto. Sikuwahi kumwambia. Ni mambo ambayo mtu wa lori haongei.

Alipandisha khanga begani, akaitengeneza vizuri. "Ungeniambia," akasema. "Ningekuwa nachana nywele."

Tulikaa pale mpaka mawingu yakaanza kupanda na kumfunika Kibo shingoni. Tulikunywa chai ya chupa. Aliwauliza watu wa mpunga maswali ya kilimo mpaka wakachoka naye. Kurudi, alikuwa akimenya ndizi mbivu na kunipa mkononi, mkono wa kushoto, ule uliokuwa wa gia. Niliona ajabu ulivyo huru. Miaka yote nilidhani mkono ule umezaliwa na kirungu cha gia.

Tulipoanza kuupanda mlima wa Kirua niliacha kuongea ili nisikilize gari. Lilikuwa linabadilisha lenyewe, polepole, na mimi nalikanyagia mafuta kidogo kidogo. Tukavuka kona ya kijito. Nikamuuliza kama ameona nilivyoikata. Hakujibu. Nikatazama, nikaona kichwa kimelalia kioo, mdomo umefunguka kidogo, mikono imelegea juu ya khanga. Amelala. Mtu aliyeshuka na macho yamefumbwa kwa woga, sasa amefumba kwa usingizi, kwenye mlima ule ule, na dereva yule yule.

Leseni yangu nimeipata zamani. Lakini kama mtu ananiuliza lini nilifaulu otomatiki, mimi namtajia hiyo asubuhi.

Nikafika getini kwetu. Nilikuwa nimeshaanza kupunguza mwendo nikawaza, nikisimama ataamka. Baba Eliya alikuwa ng'ambo anapogoa kahawa. Alinyoosha panga kuelekea nyumbani kwangu kunionyesha kwamba napita kwangu. Nikaweka kidole mdomoni ili asiniite, nikaongeza mafuta kidogo, nikaendelea kupanda.